Heda ya Mvua

Mimi sina subira. Mama yangu husema nilizaliwa kabla mkunga hajafika, na tangu siku hiyo sijawahi kusubiri kitu bila kununa. Mtu wa namna hiyo, Mungu kwa utani wake akampa kazi ya kuandika programu za mashine kwa lugha ya C, tena kwenye karakana ndogo ya Kayanga yenye kompyuta kuukuu ambayo ukiiwasha inaguna kwanza.

Karakana yetu inatengeneza kipima unyevu wa kahawa. Ni kiboksi cha kushika mkononi. Unamimina kahawa ndani, unafunga kifuniko, kinakuonyesha kama imekauka vya kutosha kuuzwa. Kabla ya kiboksi hicho, kipimo kilikuwa jino la mnunuzi. Anaing'ata, anakunja uso, anasema mbichi hii, nawe unarudi nyumbani na gunia lako. Kiboksi hakikunji uso. Ila nacho kina maradhi yake, maana kahawa ya mwaka wa mvua nyingi haifanani na ya mwaka wa ukame, na kila kikundi cha wakulima kilipolalamika kwamba kiboksi kinasema uongo, mimi ndiye niliyefungua programu, nikabadilisha namba moja mbili, nikaiamuru kompyuta iijenge programu upya. Sisi mafundi tunaita kukompaili, na programu inayofanya kazi hiyo tunaiita kompaila.

Hapo ndipo mateso yalipokuwa. Nilikuwa nabadilisha namba, nabonyeza, halafu naenda sokoni. Sifanyi mzaha. Nilikuwa natoka, navuka barabara, nachagua mkungu, nabishana na muuzaji mpaka tunacheka, narudi na ndizi zangu, na kompyuta bado inasaga. Umeme ukikatika katikati, naanza upya. Wahenga waliosema haraka haraka haina baraka hawakuwahi kumsubiri kompaila wa Kayanga.

Ingekuwa ni hasira zangu tu, ningezimeza. Lakini kulikuwa na mama. Alianguka kwenye kibanja chetu cha Nyaishozi, kati ya migomba, siku ambayo ardhi ilikuwa na utelezi, na nyonga yake haikupona sawasawa. Baba alishatangulia, na kaka yangu ameoa kazi huko Mtwara, harudi. Mimi wakati huo nilikuwa Mwanza. Nilirudi kumuuguza kwa majuma machache, nikapata kazi Kayanga, nikakaa. Asubuhi napanda bodaboda au kibasi kwenda kazini, jioni narudi kupika na kugombezwa.

Kisha siku moja bosi wetu akaniita ofisini kwake. Ni mama wa makamo, msemaji wa kwaya ya Kilutheri, na hana tabia ya kuzungusha maneno.

"Vikundi vinalalamika," aliniambia. "Wakitupigia simu leo, marekebisho wanayapata kesho kutwa. Msimu ukifunguliwa hali ikiwa hivi, wataturudishia viboksi vyetu na kurudi kwenye meno. Nimezungumza na wenzetu wa Mwanza wenye mashine kubwa. Kazi ya programu nitaihamishia kwao. Meza yako ipo huko, usiogope."

"Na kama siwezi kwenda, dada?"

"Basi ataikalia mwingine. Sikufukuzi, waitu, ndugu yangu. Lakini una muda mpaka msimu ufunguliwe."

Nilimweleza mama jioni hiyo. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, wala hakuinua uso. "Nenda," akasema. "Mimi siendi kukaa kwenye nyumba ya kupanda ngazi, niangalie mapaa ya watu. Nitabaki na migomba yangu. Jirani atakuwa ananichungulia."

Jirani tunayemsema ni mwanamke mwema kabisa, ila masikio yake yalishastaafu. Nililala nikimwona mama ameanguka tena kibanjani, anaita, na yule mama wa watu anafagia uwanja wake bila kusikia. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kuliko siku ile nilipopigiwa simu kwamba ameanguka kweli.

Basi nikaanza kutafuta mchawi. Kwanza niliulaumu umeme, bosi akanunua betri kubwa. Nikalaumu kompyuta, tukaiongezea kumbukumbu. Ikapunguza kuguna, lakini kusaga ilisaga vilevile. Mpaka asubuhi moja nilipokuwa napitia faili moja kuu la programu yetu, nikaona sentensi ya maelezo haina nukta mwishoni. Maelezo hayo huandikwa kwa ajili ya binadamu, mashine huyaruka. Nikaweka nukta, nikabonyeza. Kompyuta ikaanza kujenga kila kitu upya, tangu faili la kwanza mpaka la mwisho, kwa sababu ya nukta ambayo hata haiisomi. Nilitoa neno ambalo mama wa kwaya hakupaswa kulisikia.

Niwaeleze wasiofanya kazi hii. Programu ya C haikai kwenye faili moja. Kuna faili la skrini, la vitufe, la kupima, na kadhalika. Ili faili moja lijue lingine linaweza kufanya nini, kuna faili fupi la utambulisho tunaloliita heda. Juu kabisa ya faili lako unaandika mstari wa kuita heda unayoihitaji, na kompaila anaisoma yote kabla hajagusa kazi yako. Heda ikibadilika, hata kwa nukta, kila aliyeiita lazima ajengwe upya. Tena heda yenyewe inaweza kuita heda nyingine, nayo ikaita nyingine, na zote zinasomwa.

Sisi tulikuwa na heda moja iliyoitwa yote.h, ndiyo lile faili nililoliwekea nukta, na jina halikudanganya. Iliita kila heda iliyokuwepo, hata ile yenye namba ninazobadilisha, na kila faili letu liliiita yenyewe. Faili dogo la vitufe, ambalo kazi yake ni kujua tu kidole kimebonyeza wapi, lilikuwa linaiita yote.h. Yote.h ikaita ya skrini, ikaita ya redio, na nilipozidi kufuata nikakuta inaita heda ya mvua.

Mvua! Nilisimama nikazunguka kiti changu. Sisi hatujawahi kupima mvua hata tone. Bosi alinieleza kwamba zamani, kabla sijafika, walifikiria kutengeneza kipima mvua, wakaacha. Kifaa kilikufa, heda yake ikabaki, tena ilikuwa imekuja na ukoo wake: kalenda, majedwali ya hesabu, na mambo ya masafa ya redio. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikuwa amekaa kwetu miaka bila kushika hata fagio. Na pembeni ya mstari wa kumwita, kwa herufi kubwa, palikuwa pameandikwa: USITOE.

Rafiki yangu wa Mwanza alicheka kwenye simu. "Si ufute tu, shoga?"

Angekuwa ametoka kwetu asingecheka. Huku mpaka wa kibanja unaoteshwa mramura, mmea wa majani membamba marefu, na ukiung'oa bila mwenye mpaka kusimama pale umeanzisha ugomvi ambao wajukuu wataurithi. Hata parachichi lililo ndani ya shamba ulilopewa, kama lilipandwa na mwingine ambaye bado anapumua, unakwenda kumuuliza. Wote tuliopita kwenye karakana ile tulilelewa hivyo, na tulikwenda na adabu hiyo hadi ndani ya kompyuta. Kila fundi aliyekuja aliongeza mstari wake chini ya mistari ya waliomtangulia. Hakuna aliyetoa. Mimi mwenyewe, nilipohitaji kitu, nilikibandika kwenye yote.h na kuendelea na safari.

"Huo ni mstari wa mzee," bosi akasema nilipomwonyesha. "Huwezi kuutoa hivihivi. Kamuulize."

Mzee ni fundi wa kwanza wa karakana, aliyebuni kiboksi chenyewe. Alistaafu muda mfupi baada ya mimi kuajiriwa, akarudi kwao Mabira, upande wa Kyerwa, kwenye ng'ombe wa ukoo wake. Simu yake hupatikana akipanda kilima, na hapandi kilima kwa ajili ya simu. Kwa hiyo ilibidi niende.

Mama aliposikia, alipata nguvu za ghafla. "Usiende na hiyo kompyuta yako ya mapajani tu kama askari wa kodi," akanionya. "Mtu haendi kuomba mikono mitupu." Akanifungia sukari, sabuni, na akamwani, zile punje za kahawa zilizochemshwa na majani yenye harufu nzuri ambazo kwetu mgeni hupewa atafune. Nikamwambia mimi ndiye ninayekuwa mgeni, kwa hiyo wao ndio wanipe. Akaniambia nifunge mdomo nipande pikipiki.

Njia ya Mabira inaacha migomba na kuingia kwenye vilima vya nyasi, na nilifika nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Mzee alikuwa zizini na mabuti ya mpira, mrefu vilevile, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja kwa ajili ya heda ya mvua."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa ng'ombe wake amefaulu mtihani. Tukaingia ndani, tukasalimiana upya kwa Kinyambo kama inavyotakiwa, nikatoa vitu vyangu, mkewe akaleta maziwa. Nikamweleza yote: kompyuta, vikundi, Mwanza, nyonga ya mama. Nilipomaliza alisukuma kikombe chake cha maziwa kando.

"Kwa hiyo mmeamua kunitoa," akasema.

"Si wewe, mzee. Ni mstari."

"Mistari ndiyo mimi niliyebaki huko. Mnanipigia simu nyie? Mnakuja kunisalimia? Umekuja leo kwa sababu kuna kitu changu unataka kukikata."

Alisema kweli. Kwa mara ya kwanza tangu nilipoanza kuhangaika, nilisahau haraka yangu. Nikamwambia kwamba kila ninapofungua programu huona jina lake juu ya kila faili, na kwamba faili lake la kupima sijalibadilisha hata kidogo kwa sababu sijaona pa kulirekebisha. Hiyo nayo ilikuwa kweli. Akachukua akamwani moja, akatafuna taratibu.

"Unajua kwa nini niliandika usitoe?"

"Ndicho nilichokuja kuuliza."

"Sijui!" Akapiga goti lake kwa kiganja. "Siku moja niliutoa. Mvua tulishaiacha, nikasema nisafishe. Kiboksi kikaanza kuonyesha unyevu wa ajabu, kahawa kavu kinasema ni supu. Nikaurudisha, kikapona. Nikautoa, kikaugua. Sikuelewa hata kidogo. Na mimi ndiye niliyekuwa naulizwa na wote, nimuulize nani? Nikaandika usitoe, nikaenda kunywa chai."

Nilicheka mpaka maziwa yakanipalia, na yeye akacheka, na mkewe akachungulia kuona kama kuna usalama. Miaka yote ile tulikuwa tunapita pembeni ya mstari ule kwa heshima, tukiamini una siri ya ufundi. Ulikuwa na woga wa mtu mzima aliyechoka tu, na mimi woga wa namna hiyo naufahamu vizuri.

"Fungua hiyo kompyuta," akasema. "Tuutoe tuone. Lakini nautoa mimi. Kitu cha mtu hung'oa mwenyewe."

Akaufuta kwa kidole chake mwenyewe, kidole kinachonukia samli. Nikabonyeza. Kisha tukasubiri, kama kawaida, na kwa kuwa kule hakuna soko la kwenda, alinipeleka kuona ndama. Tuliporudi, kompaila alikuwa amegoma. Alisema hivi, kwa lugha yake kavu: kwenye faili la skrini kuna kazi inaitwa wastani, na hakuna aliyenitambulisha kwayo.

Nikaelewa papo hapo, na furaha niliyoipata sijui niieleze vipi kwa mtu ambaye hajawahi kukaa na fumbo. Kazi ya wastani huchukua vipimo kadhaa na kutoa wastani wake, namba yenye desimali. Zamani mtu fulani aliitambulisha ndani ya heda ya mvua, kwa sababu mvua nayo hutafutiwa wastani. Skrini ikawa inaitumia bila kujua inakotoka, kwa kuwa yote.h ilikuwa inaleta kila mtu na mizigo yake. Heda ya mvua ilipotolewa, wastani akabaki hana utambulisho. Kompaila wa siku hizi, nikimpangia awe mkali, hugoma na kutaja jina. Yule wa enzi za mzee alinyamaza akakisia kwamba kazi ile hutoa namba nzima. Kisio likawa si sahihi, na kahawa kavu ikawa supu.

"Kwa hiyo haikuwa mvua," mzee akasema.

"Haikuwa mvua. Ni wastani, alikuwa amepanga chumba kwenye nyumba ya mvua."

Nikaandika heda mpya fupi ya wastani peke yake, nikaiita kwenye faili la skrini, na kiboksi nilichokuja nacho kikapima sawasawa bila mvua. Mzee alikishika kwa muda mrefu. Alinisindikiza hadi barabarani kwa miguu, na pale pikipiki ilipowashwa akaniambia, "Mingine yote ya kwangu nimekupa. Toa. Ila mmoja mmoja, na kila ukitoa, jenga, upime. Usiwe na pupa, nakujua."

Kutoka siku hiyo nilikuwa na ruhusa, na ruhusa ilitosha kunitoa usingizini alfajiri. Mafundi wengine waliopita karakana niliwapigia simu mmoja baada ya mwingine. Mmoja alisema alishasahau kama aliwahi kuandika kitu. Mwingine aliniombea dua nzima, kama ya kuzindua jengo. Hakuna aliyekataa. Labda miaka yote hiyo kila mmoja alikuwa anasubiri aulizwe.

Nikawa nachukua faili moja, nafuta mstari wa yote.h, namwacha kompaila alalamike, kisha namletea kile tu alichokitaja. Faili la vitufe liliishia kuita heda mbili. Mahali pengine sikuhitaji kuita heda kabisa. Faili linalopokea kitu na kukipitisha mbele bila kukifungua linatosheka na kujua jina la kitu hicho, kama mtu anayepeleka bahasha kwa mchungaji bila kuisoma. Palikuwa na siku mbaya pia. Nilikuta heda mbili zinaitana, kila moja inamtaka mwenzake atangulie, nikakaa nazo mchana kutwa nikiwa nimeshika tama. Mwishowe nilihamisha kitu kimoja kidogo walichokuwa wanagombania nikakipa heda yake, wakatulia.

Kazi nyingi nilizifanyia Nyaishozi, barazani, kwa ruhusa ya bosi. Mama alikaa karibu yangu kwenye mkeka, akisikiliza nikigombana na skrini. Siku moja aliniomba nikapunguze machipukizi ya mgomba mmoja uliosongamana, kwa sababu yeye hawezi kuinama tena. Nikaenda na panga na majivuno yangu ya mtu anayeshinda akipunguza. Nilirudi nimekata chipukizi lililokusudiwa kubaki na kuacha lile dhaifu.

"Umemwacha mlegevu ukamuua mrithi!" Mama alipiga kelele mpaka jirani asiyesikia akageuka. "Na huko kwenye kompyuta ndivyo unavyofanya?"

"Huko ninajenga na kupima, mama."

"Na hapa ungeuliza!"

Alikuwa na haki. Lakini huko kwenye kompyuta mambo yalikuwa yanakwenda. Muda wa kwenda sokoni ukawa muda wa kuosha vyombo. Ukawa muda wa kuchemsha chai. Kisha asubuhi moja niliinuka kwenda kuwasha moto, na kabla sijashika birika kompyuta ikawa imemaliza. Nilidhani imeharibika. Nikabadilisha namba nyingine, nikabonyeza, sikupata hata nafasi ya kununa. Na kwa kuwa faili la kupima halikuwa tena linaburuta skrini na redio nyuma yake, niliweza kulijaribu barazani kwenye kompyuta yangu bila kiboksi chochote. Nilimkumbatia mama na ungo wake, maharage yakamwagika. Tuliokota pamoja, yeye akilalamika na mimi nikiimba.

Msimu ulifunguliwa asubuhi ya ukungu, kwenye kituo cha kununulia cha hapo hapo Nyaishozi, na bosi alikuja mwenyewe kuona. Watu walikuwa wamepanga magunia yao mapema. Mama wa kwanza akamwaga kahawa yake, yenye maganda yaliyokauka mpaka inalia ukiitikisa, na kiboksi kikasema mbichi. Wa pili, mbichi. Minong'ono ikaanza. Mnunuzi, mtu mwenye tabasamu pana, akasema kwa sauti kwamba yeye kipimo chake hakihitaji betri, akafungua mdomo kuonyesha.

Niliangalia uso wa bosi, kisha nikaacha kuuangalia. Niliketi juu ya gunia, nikafungua kompyuta mapajani. Tulikuja na kahawa ya mfano, iliyokaushwa kwenye oveni Kayanga, ambayo unyevu wake tunaujua bila ubishi. Nikaipima: kiboksi kikaikosea nayo, kwa kiasi kilekile. Basi tatizo lilikuwa baridi, ambayo hubadilisha kipimo. Namba zangu za joto nilizipanga ndani ya karakana yenye jua la dirishani, na hapa kiboksi kilikuwa kimelala kwenye ukungu. Nikarekebisha jedwali la joto, nikabonyeza. Mnunuzi alikuwa anamsimulia mwenzake jinsi mashine zinavyowapotezea watu muda, na kabla hajafika mwisho wa hadithi, programu ilikuwa imejengwa, imeingia kwenye kiboksi kwa waya, na kahawa ya mfano imesomeka sawa. Nikamrudishia karani wa kituo kiboksi.

Mama wa kwanza akapima tena. Kavu. Wa pili, kavu. Wa tatu, mbichi, na mwenyewe akakubali kwamba aliianua jana kwa sababu ya wingu. Foleni ikasogea. Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyejua kulikuwa na jambo. Nilikaa pale juu ya gunia, nikitamani yule mzee wa Mabira angeona.

Bosi alinifuata mchana watu walipopungua. Alikuwa anakula karanga. "Ile meza ya Mwanza," akasema, "nitawaambia wampe mtu wao." Akanimiminia karanga kwenye kiganja. "Kesho uje na tai. Tunapiga picha ya karakana." Ni mzaha wake, sina tai. Nilipanda bodaboda nikamwambia dereva akimbize, kisha nikamwambia asikimbize sana, nataka kufika.

Mama alikuwa kizingitini, fimbo imelazwa miguuni. Nikamweleza tangu ukungu mpaka karanga. Nilitegemea aseme Mungu mkubwa, au aulize mnunuzi alikuwa nani ili amseme. Akaokota fimbo, akaielekeza chumbani kwake.

"Basi nenda kavute begi lililo chini ya kitanda changu," akasema.

Lilikuwa begi kubwa, lile alilorudi nalo kutoka hospitali, na lilikuwa zito. Nikalifungua pale pale sebuleni. Vitenge vyake vizuri vyote vilikuwemo, vimekunjwa. Biblia, miwani, viatu vya kanisani. Redio yake imefungwa kwenye khanga. Chini kabisa kifurushi cha akamwani kilichofungwa kwenye jani la mgomba, kikubwa cha kumtosha mtu mwaka mzima mahali ambapo haziuzwi.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Mwanza. Ungeshindwa, ningekwenda wapi kwingine?" Aliongea kwa ukali, kama mtu aliyeulizwa jambo la kijinga. "Jirani nilishamtembeza kwenye mipaka yote, nikamwonyesha mgomba gani ni wa kuuza na upi ni wa kula. Ulidhani nitakuacha uende ukaishi peke yako, unune mpaka uzeeke?"

"Lakini ulisema huendi! Ulisema utabaki na migomba yako!"

"Nilisema. Ningekuambia nimekubali, ungepumzika. Nakujua. Ungeacha kuhangaika na hivyo vitu vyako, ukanipakia kwenye basi." Sauti yake ikapungua. "Mimi sikutaka kwenda, mwanangu. Nilitaka ushinde."

Nilikasirika, kisha nikalia, na sikujificha. Nililia nikiwa nimekaa sakafuni na begi katikati ya miguu, na mama alinishika kichwa kwa muda, halafu akaniambia yatosha, nitavilowesha vitenge. Nikavirudisha kabatini, na yeye akaenda na fimbo yake jikoni kuangalia ndizi.